Kata

Watoto hawalipi, alisema Bi Lamara mlangoni,
wewe lipa, na macho yako nayo yafanye kazi.
Sindano za kufumia kazibana kwapani.
Jumapili ya Novemba; chini yetu Tbilisi
imejigubika ukungu kama mgonjwa asiyetaka kuamshwa.
Mama yao yuko zamu hospitali. Leo wanangu ni wangu
hadi saa kumi na mbili, na biskuti hazitoshi.

Nyumba hizi zilishushwa milimani ubao kwa ubao,
kila ubao na namba yake ya rangi,
zikaungwa upya hapa mteremkoni.
Vyote vimekuja isipokuwa wenyewe.
Nutsa ana miaka saba, anasoma vibao kwa sauti:
Usiguse. Usiguse. Usikalie. Usiguse.
Tsotne ana minne, hajui kusoma.
Anagusa.

Kagusa nguzo ya katikati, ile wanayoiita mama,
iliyochongwa jua kifuani, inayobeba paa zima.
"Imechoka?"
Nikasema labda.
Akaikumbatia, akabanduka na masizi shavuni,
masizi ya moto uliozimika kabla babu yangu hajazaliwa.
Sikuharakisha kumfuta.

Chumba cha pili: kitanda cha kubembezea mtoto mchanga,
mikanda miwili ya kumfunga, mti juu wa kushika anayebembeza.
"Baba! Hiki tunacho!" Nutsa akapaza sauti
mbele ya ukoo mzima wa wageni.
"Kwa Bibi Eteri. Ndimo anamoweka vitunguu."
Sindano za Bi Lamara zikanyamaza.
Vitunguu?
Mimi niliyelala humo miezi kumi,
nimefungwa kama furushi la posta,
nikajifanya nasoma kibao.
Naye Tsotne, mtu wa mambo ya msingi:
"Mtoto alikojoa wapi?"
Bi Lamara akainama, akamwonyesha tundu kwenye godoro,
kibomba cha mti, kijungu chini yake.
Tsotne akacheka mpaka akakalia benchi lisilokaliwa.

Kisha ghala la divai. Mitungi imezikwa hadi shingoni,
mmoja wao mkubwa, wa kummeza mtu mzima amesimama.
Wakaita majina yao ndani yake
na mtungi ukayarudisha mazito, ya kizee.
Ndipo glavu nyekundu ikadondoka.

Kila mzazi anakijua kilio kile: mdomo wazi, sauti bado,
unahesabu moja, mbili,

Bi Lamara akatazama kibao. Akatazama mlango.
Akaiangua kata msumarini,
kibuyu kidogo kwenye mpini unaonizidi urefu.
"Tangu nianze kazi haijashuka humu," akasema,
akapiga magoti, akapandisha mikono ya sweta.
Kata ya kwanza: majani, maji ya mvua.
Ya pili: karatasi ya peremende,
ya mtoto mwingine, mwaka mwingine.
Ya tatu: glavu.
Akaikamua, akainusa, akafumba macho.
"Divai," akasema. "Miaka hamsini mtupu, na bado."
Tukanusa kwa zamu. Nutsa akaapa ni kweli.
Mimi nilisikia harufu ya sufu iliyolowa, na udongo.
Nikasema ndiyo, divai.

Akaitundika kata pale pale,
ikawa inadondoka tone, tone,
juu ya neno Usiguse.

Usiku, walipolala, nikampigia mama simu.
Vitoe vile vitunguu, nikamwambia.
Akakaa kimya; nasikia televisheni yake.
"Nivitie wapi?"