Hesabu ya Kichwani

Nini kimekuwekeni miaka tisa? waliniuliza.
Nikawaonesha kisanduku: bati, rangi ya buluu, kufuli tatu.
Ufunguo mmoja anao Mize, pindoni mwa kanga.
Wa pili anao Bikombo, kauficha
mahali ambapo hata yeye hupakumbuka Jumanne tu.
Wa tatu ni huu.
Wakaandika: kufuli.
Wakaaga.

Kufuli! Kufuli zile hufunguka kwa msumari,
mjukuu wangu wa darasa la pili anaweza.

Wangengoja kikao kiishe wangesikia.
Tukishahesabu, Time Hamad, katibu wetu, husimama:
"Tumebakisha ngapi?"
Nasi, watu ishirini na sita wa Kiuyu, kwa sauti ya chuoni:
"Laki sita na arubaini elfu, na mia tano!"
Mara tatu. Kisha kila mtu huenda zake na hesabu kichwani,
akifunga mwani anayo, akikoroga uji anayo,
akigombana na mumewe anayo,
na hamwambii.

Mwaka wa masika yale makubwa paa la Time lilivuja.
Daftari likanywa maji usiku kucha;
asubuhi kila ukurasa buluu tupu.
Na mwani ulikuwa umeoza kambani, bei imekufa,
na mwenye njaa haoni haya kusahau.

Tukakaa. Kimya.
Time kajitanda kanga ya msibani,
kana kwamba kafiwa na tarakimu.
Akaanza Chumu,
Chumu tunayemtoza faini kila wiki kwa kuchelewa,
Chumu asiyejua alifu kwa kijiti:
"Mize, hisa kumi na nne. Bikombo, tisa.
Mimi..." akameza mate,
"mimi nadaiwa elfu thelathini."

Hakuna aliyemuuliza deni lake.

Basi ikawa kila mmoja anataja la mwenziwe
na la kwake analitoa mwisho, kama mwiba.
Tuligombana kidogo juu ya hisa mbili za Kazija.
Bado tunagombana.

Sasa tuna daftari jipya, tumelivisha nailoni.
Lakini kila Jumanne, ufunguo mkononi,
sifungui mpaka nimwone Chumu
anatokea kwenye mihogo, mbio, amechelewa,
mia mbili ya faini tayari kiganjani.