Kipande cha Cherehani

Alikifunga ndani ya leso ya mamake, mafundo mawili,
akakiweka mezani baina ya bobini na chupa ya mafuta.
"Fundi Shebwana, kimekatika. Ni cha cherehani."

Miaka thelathini na minne nipo hapa Barani,
nimefungua Singa nyeusi za maarusi ambao leo ni mabibi,
na za Kichina zenye kipepeo ubavuni.
Viungo vyake navijua kwa vidole, hata umeme ukipotea.
Hiki sikukijua.
Au nilikijua upesi mno.

Chuma cha urefu wa kidole cha mtoto,
kina mgongo, kina pua, na pua imevunjika.
Nikakisogeza dirishani. Jeraha la chuma husema:
likiwa na nyuzi, kilivutwa kikavumilia;
likiwa na chembechembe, kilikufa ghafla.
Hili lilikuwa chumvi tupu.
Nikapitisha tupa, ikateleza kama juu ya sahani.

"Ulikichoma, ukakizamisha, ukafurahia ugumu wake.
Kigumu kisichojua kupinda ndicho cha kwanza kuvunjika."
Akaitikia kwa kichwa. Hapo nikaliona kovu,
bichi bado, chini ya jicho la kulia.
"Cherehani gani hii, Thoya, inayomrukia mshonaji usoni?"

Nje mtu ananadi viazi vya karai.
Kinu cha posho kikanguruma, kikanyamaza.

"Ni viboko, fundi. Wanapanda kutoka Sabaki usiku.
Baba yuko kwenye dungu, anapiga debe,
na mwaka huu wamelizoea debe, wanakula wakilisikiliza.
Gobori la babu hulia mara moja,
kisha unakaa unasindilia kama mtwanga kisamvu.
Hii nimeiunda ijipakie yenyewe.
Ilijipakia mara tatu."
"Na ya nne?"
Akagusa shavu.

Nisiwe mnafiki: vidole vyangu vilianza kazi kabla ya kichwa.
Nilishajua droo gani, chuma gani,
nilishaona kosa lake lilipolala.
Fundi hawezi kuona kitu kimevunjika akapata usingizi,
na shetani analijua hilo, hana haja ya kuja na pembe,
huja na leso na adabu, huamkia vizuri.

Nikakigeuza. Ubavu wake ulikuwa sawa,
sawa hivi kwamba mwanga ulilala juu yake bila kutikisika.
"Nani kakufunza kupiga tupa?"
"Hakuna. Tupa ya kunolea majembe. Na mvua ya mwezi mzima."

Chini ya sindano yangu hupita kanzu, hupita buibui,
sare za shule, mapazia ya Mtaliano wa kule Casuarina.
Sanda tu ndiyo haipiti.

"Kiboko akisharudi mtoni," nikasema,
"hiyo itaegemezwa ukuta gani?
Na siku hiyo nani nyumbani atakuwa na hasira?"
Hakujibu. Nami sikuwa na jibu kwa mahindi ya babake,
nusu eka imelazwa kama mkeka, watoto wanakula nini.
Nilisema ninachoweza kusema:
"Jumatatu, saa mbili. Njoo na tupa yako.
Nina mashine kumi na moja zinangoja mkono kama huo."

Aliitazama meza kwa muda. Akachukua leso, akaikunja mara nne,
kile kipande akakiacha.

Jumatatu nilinunua mahamri ya watu wawili.
Jumanne niliyala ya jana.

Kipande kimo koponi, pamoja na sindano zilizokatika;
kila nikitafuta skrubu kinanichoma kucha.
Nilidhani nimemnyima kitu.
Lakini mkono uliotengeneza kile
unaweza kutengeneza kingine, na safari hii
nimeshamwambia kosa liko wapi.

Usiku Sabaki hausikiki kutoka hapa, ni mbali.
Ila tairi la tuktuk likipasuka barabarani,
au mlango ukibamizwa na upepo,
nainuka kitandani, nahesabu: moja.
Kisha nakaa, mdomo wazi,
nangoja nijue kama kuna ya pili.