Goti la Nansalmaa

Kila jioni nahesabu mbuzi: mia mbili na kumi na saba.
Akikosekana mmoja, sili.

Tangu mimba ilipotimiza miezi sita nahesabu na kingine.
Namvika Nansalmaa kile kitambaa mkononi,
mashine inanguruma, inakaza, inalegea,
nami naandika kwa mkaa kwenye nguzo ya hema:
mia na arobaini na mbili juu ya tisini.
Mia na arobaini na nane juu ya tisini na sita.

Vidonge asubuhi, mchana, usiku.
Vilimtia usingizi, akawa anasinzia
mkono ukiwa bado ndani ya ndoo ya maziwa.
Mama yangu alimwangalia miguu, akacheka:
"Uvimbe huo ni wa mtoto wa kiume."
Daktari Erdenechimeg hakucheka.

Usiku ule wa baridi ya kupasua mawe
mke wangu aliniamsha, akasema:
"Tumdee, nyota zimeingia ndani."

Nikatazama juu.
Tundu la moshi lilikuwa limefunikwa.

Mia na sabini na moja juu ya mia na kumi na mbili:
hiyo sikuiandika.
Nilipita na gari juu ya mto ulioganda,
taa moja ikiwaka, moja imekufa,
naye kichwa amekishika kwa mikono miwili
kama abebaye kibuyu chenye ufa.

Dripu. Dawa ya mshipa. Mkojo ukapimwa kwa mstari.
"Hii ya magnesiamu haishushi presha," daktari akasema,
"inafunga mlango kifafa cha mimba kisiingie.
Ugonjwa wenyewe, dawa yake ni kuzaa."
Na kila saa alilifunua goti la Nansalmaa,
akaligonga kwa kinyundo cha mpira.
Lisiporuka, dawa imezidi.

Sijawahi kupenda goti namna hiyo.
Lilirushwa saa nane. Lilirushwa saa tisa.
Saa kumi lilichelewa kidogo,
nikasimama.
Likaruka.

Binti alitoka mdogo, mwekundu, mwenye hasira,
na presha haikushuka siku ile, wala ya pili.

Sasa tumerudi. Bado nampima.
Mama amepika chai bila chumvi, analalamika
kuwa ni maji ya kuoshea sufuria.
Anainywa.

Jana jioni nilihesabu mia mbili na kumi na sita.
Nikarudia. Mia mbili na kumi na sita.
Nikaingia ndani, nikala.