Konzi Tatu

Kaskazini mwa Ufini, Juni haina usiku.
Kwa hiyo Aune alihujumu saa saba, kweupe:
konzi tatu za mchanga, faneli ya jikoni,
tangi la katapila linalokausha kinamasi.

Mikono ikanuka dizeli hadi kwenye mkate.

Asubuhi dereva, Jouko, mwana wa dada yake,
akafungua kifuniko. Akaona chembe.
Akaona pia, topeni, nyayo za viatu
alivyomnunulia mwenyewe Krismasi.

Hakuwasha.
Akampigia bosi: "Mashine imegoma."
Kisha akakaa juu ya mnyororo wa chuma
akisikiliza korongo wakigombana majini,
na deni la nyumba
likimtambaa shingoni kama mbu
asiyejua bado
atamuuma lini.