Kitalu Namba 214

Fomu inasema: eneo wazi.
Inasema halina mkazi, halina mazao ya kudumu,
halina kaburi lililotambuliwa.
Mimi ndiye niliyeijaza, kwa kalamu ya bluu,
nimekaa kwenye boneti ya gari huko nyuma ya Hombolo,
jua likinidai shingoni kama mwenye duka.

Kisha mvua za Januari zikashuka.
Tukarusha ile ndege ndogo isiyo na rubani
ipige picha za mipaka,
na usiku, ofisini, Ilanzala ikajitokeza kwenye kioo
kama kovu linavyojitokeza mwili ukipata baridi:
mistari minyoofu ambayo maji hayachori,
pembe nne, na pembe nne tena.
Tembe kumi na saba, nilizihesabu mara mbili,
na ndani ya kila moja doa la kijani kibichi
lisilofanana na majani ya jirani.

Samadi, alisema shangazi Mbeleje nilipomwonyesha.
Zizi halisahau.
Miaka hamsini na zaidi, na huo mchicha
bado unakula ng'ombe wa babu yako.

Nikampeleka. Alivaa viatu vya kanisani.
Njia nzima hakufunga mdomo: bei ya alizeti, goti lake,
mkwe asiyejua kusonga ugali wa uwele.
Tuliposhuka garini akanyamaza.
Mimi niliona vichuguu, miiba, mawe.
Yeye alikwenda hatua ishirini, akakata kushoto,
halafu, mahali pasipo ukuta wala kizingiti,
mahali penye hewa tu,
akainamisha kichwa
akapita.

Humu walilala ndama, alisema. Usikanyage hapo, ni jikoni.
Jiwe la kusagia lilikuwepo, zito mno kupakiwa,
shimo lake limejaa maji ya mvua,
nyigu wawili wanakunywa kwa zamu.

Ilanzala ilikufa mara mbili.
Kwanza kwa Mtunya, njaa ile ya vita vya wageni,
majeshi mawili yakila mtama wa watu wasio na ugomvi nao.
Waliorudi walikuwa wachache, wakajenga juu ya vifusi vyao wenyewe.
Kisha mwaka sabini na moja yakaja malori,
uwele ukiwa bado na maziwa.
Mtakaa pamoja, waliambiwa, mpate shule na bomba.
Bomba lilitoa maji miezi minne.
Shule ilikuja kweli. Nilisoma hapo.
Hapo ndipo nilipofundishwa kupima pembe.

Babu Chedego hakubishana na mtu.
Ila paa la tembe ni udongo, lisipotiwa mwingine huanguka,
kwa hiyo kila kiangazi kikiisha
alitembea usiku kucha na jembe begani,
akapanda, akakandika paa la nyumba isiyo na mtu,
akashuka, akarudi kijijini kabla ya kengele ya kazi.
Miaka sita. Wa saba miguu ikamkatalia.
Mvua ile ile ya mwaka ule, akasema shangazi,
akaonyesha kwa mkono wake jinsi paa linavyokaa chini:
taratibu, kama mzee.

Mnunuzi wa 214 amepiga simu tangu asubuhi.
Anataka kujua kama ardhi inafaa kwa shimo la choo.
Nimemwambia inafaa. Inafaa, ni udongo mzuri,
ulikandwa kwa miguu ya watu.

Nimeifungua fomu tena.
Safu ya mwisho, Maoni, upana wake ni vidole viwili.
Siwezi kutia humo watu wala ng'ombe.
Nimeandika:
upande wa mashariki pana mlango. Apitaye ainame.

Kesho bosi atauliza, mlango gani.