Siku ya Thelathini na Nane

Siku zangu hazijaja.
Nimeziandika kwa penseli kwenye kalenda ya kiwanda,
ile yenye mbuzi wa sufi anayekenua meno:
tatu Desemba, damu ya kwanza.
Leo tisa Januari. Hesabu mwenyewe.

Katika lugha yetu neno ni moja, *sar*,
mwezi wa angani na mwezi wa ukutani,
na damu tunaiita alama ya mwezi.
Juu ya Ulaanbaatar moshi wa makaa umeufunika ule wa angani.
Huu wa ukutani unanitazama.

Ganzorig alirudi tarehe kumi na nne,
akaondoka kumi na saba, lori lake likielekea mpakani.
Siku ya kumi na mbili hadi ya kumi na tano.
Mkulima wa viazi asingechagua majira bora.

Lakini nina miaka arobaini na sita.
Agosti hazikuja kabisa. Oktoba zilikuja mara mbili,
kama mdeni aliyeona haya.
Na usiku naamka shuka limelowa jasho,
huku barafu imechora majani ndani ya kioo cha dirisha.

Mama yangu, kule Gobi,
alimjua mbuzi mwenye mimba kwa kiganja tu.
Anakiweka ubavuni, anafumba macho,
anasema: huyu, huyu, yule bado.
Nimejaribu kujipapasa mwenyewe.
Kiganja changu kimeshika uzi miaka ishirini,
hakijui kitu kingine.

Nikamwendea Tserendulam wa duka la dawa.
Alifuta miwani, akaniambia polepole,
bila kuinua sauti, maana nyuma yangu kulikuwa na foleni:
"Zamu za usiku huchelewesha. Huzuni pia.
Kujinyima chakula ili gauni likae. Tezi ya shingo. Homa.
Umri, nao una mahesabu yake.
Ila mwanamke aliyelala na mumewe
aanze kwanza kuulizia mimba.
Kwako ni nadra, dada, lakini nadra hutokea.
Pima kwa mkojo wa alfajiri.
Kikikataa na damu isije, ngoja wiki, upime tena.
Kikikataa tena, nenda kliniki, usikae na kitendawili."

Nikanunua pakiti yenye vipimo viwili.
Nikaificha nyuma ya mfuko wa unga.

Na siku tatu sikupima.
Nilisema ni uchovu wa zamu. Uongo.
Nilitaka kukaa kidogo navyo vyote,
mtoto wa Septemba na uzee wangu,
kabla mmoja hajamfukuza mwenziwe.

Leo alfajiri nimetoka kazini, nyuzi kwenye nywele,
nikasogeza unga, nikafungua pakiti.
Kimoja.

Nikahesabu tena. Mtu hahesabu kimoja mara mbili,
mimi nilihesabu.

Bafuni maji yalikuwa yakimwagika,
yakimwagika tu, hayaogeshi mtu.
Anujin, miaka kumi na tisa,
mwanafunzi wa upimaji ardhi,
anayesema hana njaa tangu mwaka mpya, eti ni mitihani.
Nikafungua kabati: pedi zake, pakiti nzima,
niliyomnunulia Novemba, gundi haijaachia.

Mwezi mzima na siku nane
nimehesabu mwili mmoja humu ndani.

Nikachemsha chai ya maziwa, nikatia chumvi,
nikamwaga katika bakuli mbili.
Nikasimama mlangoni na kipimo mkononi.
Nilitafuta maneno makubwa, hayakuja.
"Kimebaki kimoja," nikasema.

Maji yakanyamaza.

"Najua," akajibu. "Nilikuachia chako."

Kisha komeo, na mlango ukafunguka
upana wa kiganja.