Daftari la Eluned

Duka la Prydderch lilifungwa Jumanne,
mvua ikipiga kimshazari, kama ipigavyo huku Wales,
na kengele ya mlangoni ikalia mara moja,
kama inayojililia yenyewe.
Tangu hapo mkate ulikuwa maili kumi na moja,
stempu maili kumi na moja,
na basi hupita Alhamisi, likitaka.

Hatukulia. Bondeni hapa watu hawalii hadharani.
Miezi miwili tuliilaumu serikali,
tukawalaumu vijana kwa kuhama,
vijana wakatulaumu sisi kwa kubaki,
hadi Eluned, dereva mstaafu wa basi la shule,
akaleta kwenye chumba cha nyuma cha kanisa
daftari lililojaa nusu kwa hesabu za dizeli,
akaligeuza juu chini, akaanzia nyuma:
Hisa moja, pauni kumi. Mtu mmoja, kura moja.
Akalamba ncha ya penseli. "Haya. Nani?"

Kimya. Bomba la joto likakohoa ukutani.
Kisha Idwal, asiyesemezana na kaka yake
tangu mwaka wa theluji kuu,
akasimama: pesa hana, ana kondoo.
Eluned akaandika: kondoo.
Na kaka mtu, kutoka safu ya mwisho:
"Nami kondoo. Aliyenona zaidi."
Ndivyo ushirika wetu ulivyozaliwa,
nusu kwa mapenzi, nusu kwa kijicho.

Kibaba, tuseme kweli, hakikujaa upesi.
Bwana mmoja mwenye nyumba ya likizo kule mlimani,
nyumba inayowaka taa wiki tatu kwa mwaka,
alituandikia barua nzuri mno: atalipia vyote,
jengo, rafu, friji,
ila neno la mwisho liwe lake.
Usiku ule tulibishana hadi chai ikapoa mara mbili.
Mimi, nakiri, nilitaka tukubali.
Nilichoka kuomba; magoti yangu yalishaijua
kila ngazi ya kila mlango.
Tukapiga kura. Nikashindwa.
Miezi minne zaidi nikauza keki kwenye baridi,
nikiwalaani walionishinda,
nikiwarudishia chenji yao.

Akaja Macsen, miaka kumi na sita,
sarafu zake ndani ya soksi: pauni saba kasoro kidogo.
Hazikutosha hisa. Watu wakatazamana.
Mmoja akatia mkono mfukoni amwongezee;
kijana akaikumbatia soksi yake:
"Sitaki zawadi. Nataka hisa."
Basi tukaikata hisa katikati,
pauni tano, kwa kila mtu,
na Macsen akabakiwa na akiba.

Friji ikafa wiki ya kwanza;
maziwa yakawa kitu kisicho na jina.
Tuligombania bei ya sukari
mpaka mke wa mchungaji akatoka akibamiza mlango,
kengele ikalia, tukacheka,
akarudi, bei ikabaki vilevile.
Faida ya mwaka ule, ilipogawanywa,
ilikuwa peni arobaini na moja kwa mwanachama.
Hakuna aliyeichukua. Tulinunua taa ya kibarazani.

Jana tulikutana: Jumapili tufungue, tusifungue?
Eluned, aliyetimiza themanini, alikataa.
Macsen alisema tufungue.
Nilihesabu mikono, mmoja mmoja,
ule wenye wino wa shule,
ule wenye mishipa iliyotuna kwa miaka ya usukani.
Hakuna mkono niliouhesabu mara mbili.
Macsen akashinda kwa mmoja.

Leo ni Jumapili, saa moja asubuhi.
Kengele imelia. Nimechungulia dirishani:
Eluned, na funguo, na koti lake la mvua,
anafungua duka alilokataa lifunguliwe.

Daftari liko kaunta. Zimebaki kurasa nne
kabla hatujakutana na dizeli.
Mstari wa leo, kwa penseli:
Idwal. Mkate mmoja. Deni.
Na chini yake, kwa mwandiko uleule:
asilete kondoo tena.